Saturn: Kitinda mimba wa General Motors aliyependwa na wateja, akasahauliwa nyumbani

KATIKA mwezi wa Juni mwaka 1994, barabara nyembamba ziendazo Spring Hill, mji mdogo wa mashambani jimboni Tennessee nchini Marekani, zilifurika magari madogo ya aina moja. Watu wapatao 44,000, wengi wao wakiandamana na jamaa zao, walikuwa wamefunga safari kutoka pembe mbalimbali za nchi hiyo. Hawakuwa wakienda kutazama mbio za langalanga wala kupokea zawadi. Walikuwa wakienda kukiona kiwanda ambamo magari yao yaliundwa, na kuwapa mkono wafanyakazi walioyaunda.

Gari lililowakusanya, Saturn, halikuwa la kifahari. Lilikuwa gari la kawaida lenye injini ya lita 1.9, lililouzwa kwa bei ya mtu wa kipato cha wastani. Hata hivyo, ni nadra katika historia ya magari ya Marekani kupata chapa iliyopendwa na wenye magari kwa kiwango hicho. Ni nadra vilevile kupata iliyopendwa hivyo ikafa mapema hivyo. Kufikia mwisho wa Oktoba 2010, miaka 20 tu tangu gari la kwanza liuzwe, Saturn ilikuwa imefutwa.

Kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa sababu kinagusa swali linalomkabili kila mfanyabiashara, awe na kiwanda au kibanda: je, mapenzi ya mteja yanatosha kuiweka biashara hai?

Chimbuko

Saturn ilizaliwa kutokana na hofu. Migogoro ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979 iliwafanya Wamarekani wayakimbie magari yao makubwa yenye kiu ya petroli na kuyakimbilia magari madogo kutoka Japani, hasa ya Toyota, Honda na Datsun. Kampuni ya General Motors, au GM, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani katika biashara hiyo, ilijaribu kuunda magari madogo ya kushindana nayo, lakini mengi yaliambulia sifa mbaya ya kuharibika upesi. GM ndiyo kampuni ambayo Wakenya waliifahamu kwa miongo kadhaa kupitia kiwanda cha Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, hadi hisa zake ziliponunuliwa na Isuzu mwaka 2017.

Mnamo 1982 kundi la wahandisi wa GM lilianza kulichora upya gari dogo. Mradi huo ulipewa jina la roketi za Saturn, zilizowafikisha Wamarekani mwezini wakati taifa lao liliposhindana na Muungano wa Kisovieti. Maana ya jina hilo haikufichika. Marekani ilikuwa imeingia kwenye shindano jingine, na safari hii mpinzani alikuwa Mjapani.

Mwenyekiti wa GM, Roger Smith, aliutangaza mradi huo hadharani mwaka 1983. Mnamo Januari 1985 Saturn ikaandikishwa kuwa kampuni tanzu yenye uongozi wake, kiwanda chake na mawakala wake, huku gharama yake ikikadiriwa kufikia dola bilioni 5. Tayari GM ilikuwa na chapa za Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick na Cadillac. Saturn ikawa kitinda mimba katika nyumba iliyojaa ndugu wakubwa.

Habari kwamba kiwanda kipya kingejengwa zilizua mashindano makali miongoni mwa majimbo. Magavana 7 walijitokeza katika kipindi kimoja cha televisheni cha mtangazaji Phil Donahue, kila mmoja akilipigia debe jimbo lake. Mnamo Julai 1985 GM ikaiteua Spring Hill, takriban kilomita 50 kusini mwa jiji la Nashville. Wakazi wake wakati huo walikuwa zaidi ya elfu moja kidogo, na wengi walikuwa wakulima na wafugaji.

Mkataba wa kurasa 28

Jambo la kwanza lililoitofautisha Saturn na ndugu zake halikuwa gari bali mkataba. Kwa desturi, makubaliano baina ya GM na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, yalijaza mamia ya kurasa. Yalieleza kwa utondoti ni nani aruhusiwe kufanya kazi gani, na ni nani asiiguse. Mkataba wa Saturn ulikuwa na kurasa 28.

Donald Ephlin, aliyekuwa makamu wa rais wa UAW na msimamizi wa masuala ya GM katika chama hicho, aliunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi madogo yaliyojipangia kazi, yaliyosaidia kuwachagua wenzao wapya na kukagua ubora wa kazi yao. Sehemu ya mshahara ilitegemea mafunzo, ubora na mapato ya kampuni. Kwa upande wake, kampuni iliahidi kutowafuta kazi wengi wao ila katika hali ya dharura kubwa. Kila uamuzi muhimu ulipitia kwa watu wawili, meneja mmoja na mwakilishi mmoja wa chama.

Hata mpangilio wa kiwanda ulikuwa tofauti. Katika viwanda vingi vya wakati huo mfanyakazi alitembea kando ya gari lililokuwa likisonga, akijitahidi asiachwe nyuma. Huko Spring Hill, gari na mfanyakazi walibebwa pamoja juu ya jukwaa la mbao lililosonga taratibu, hivyo fundi akapata nafasi ya kuikamilisha kazi yake bila papara.

Gari la kwanza lilitoka kiwandani Julai 30, 1990. Roger Smith aliliendesha akiwa pamoja na Owen Bieber, rais wa UAW. Siku iliyofuata Smith alistaafu. Mlezi mkuu wa Saturn alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya gari hata moja kumfikia mnunuzi. Athari ya jambo hilo ilidhihirika baadaye.

Bei moja kwa wote

Mauzo yalianza Oktoba 1990. Gari la bei nafuu zaidi, aina ya SL, liliuzwa kwa dola 7,995. Bei iliyobandikwa ndiyo iliyolipwa, hakuna kupatana wala kuvutana.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, yafaa kukumbuka jinsi magari yalivyouzwa Marekani. Mnunuzi aliingia dukani akijua kwamba angezungushwa. Muuzaji aliyelipwa kwa kamisheni angemtajia bei moja, aende kushauriana na mkubwa wake, arudi na nyingine, kisha amwongezee gharama ambazo hazikutajwa awali. Waliojua kubishana walipunguziwa, na wasiojua waliwalipia wenzao. Uchunguzi wa wasomi katika miaka hiyo ulionyesha kuwa wanawake na Wamarekani weusi ndio waliotajiwa bei za juu zaidi.

Saturn ililivunja zoea hilo. Wauzaji wengi walilipwa mshahara badala ya kutegemea kamisheni. Kila wakala alipewa eneo pana la kuhudumu peke yake, ili asilazimike kupambana na wakala mwingine wa chapa hiyo hiyo mtaa wa pili. Mnunuzi ambaye hakuridhika aliruhusiwa kulirudisha gari katika muda wa siku 30 au kabla ya kuliendesha kilomita zipatazo 2,400. Na siku ya kulichukua, wafanyakazi wa duka walimzunguka mnunuzi, wakampigia makofi na kumpiga picha akiwa kando ya gari lake jipya.

Kampuni ya matangazo ya Hal Riney kutoka San Francisco iliibeba roho hiyo katika matangazo yake. Badala ya kuonyesha magari yakikata kona mlimani, yalisimulia habari za watu: wafanyakazi wa Spring Hill, walimu, wazazi. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba hii ni kampuni ya namna nyingine, inayouza gari la namna nyingine.

Wenye magari walisema nini

Maoni ya wenye Saturn za mwanzo, hususan SL, SC yenye milango miwili na SW ya kubebea mizigo na familia, yanakubaliana katika mambo kadhaa.

Jambo lililosifiwa zaidi ni bodi. Milango na paneli za pembeni zilikuwa za plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma, ilhali boneti, paa na kifuniko cha buti vilikuwa vya chuma. Toroli la dukani lilipougonga mlango, paneli ilibonyea kisha ikarudi mahali pake. Katika majimbo ya kaskazini, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, milango ya magari mengine ilipoliwa na kutu, ile ya Saturn ilibaki kama ilivyotoka kiwandani.

La pili ni matumizi ya petroli. Aina ndogo zaidi yenye gia za mkono iliweza kupita kilomita 15 kwa lita katika barabara kuu. La tatu ni wepesi wa kuitunza. Injini ilitumia mnyororo wa chuma kuendesha valvu badala ya mkanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda, na fundi wa kawaida aliweza kuzifikia sehemu nyingi bila taabu.

Malalamiko pia yalikuwepo, na wenyewe hawakuyaficha. Injini ilikuwa na kelele na mtetemo, hasa ilipokazwa mwendo. Kwa kuwa plastiki hutanuka kwenye joto, nafasi baina ya paneli ziliachwa pana, na wengine waliona kwamba gari halikufungwa sawasawa. Magari ya miaka ya kwanza yalikuwa na mishipi ya usalama iliyojivuta yenyewe kila mlango ulipofungwa, na iliwaudhi wengi.

Kasoro iliyojulikana zaidi ilijitokeza magari yalipozeeka. Injini ilianza kula oili. Ringi za pistoni ziliganda kwa masizi, oili ikapenya na kuungua, na mwenye gari asiyepima oili mara kwa mara aliweza kuiua injini bila kujua. Waliopima na kuongeza kwa wakati waliyaendesha magari yao kwa mamia ya maelfu ya kilomita.

Licha ya kasoro hizo, uchunguzi wa kampuni ya J.D. Power kuhusu kuridhika kwa wateja mwaka 1992 uliiweka Saturn katika nafasi ya tatu, nyuma ya Lexus na Infiniti pekee. Chapa hizo mbili ziliuza magari ya kifahari ya bei ya mara kadhaa zaidi. Ni dhahiri kwamba wateja hawakuwa wakiisifu injini. Walikuwa wakisifu namna walivyotendewa.

Makosa yaliyogeuzwa sifa

Ushahidi wa hilo ulionekana kampuni ilipokosea. Mnamo 1991 iligunduliwa kwamba maji ya kupoza injini yaliyoletwa na msambazaji mmoja yalikuwa na kasoro na yangeweza kuiharibu injini. Magari zaidi ya 1,800 yalikuwa yameathirika. Badala ya kuyakarabati, Saturn iliwapa wenyewe magari mapya.

Katika tukio jingine, kampuni ilimtuma mtu hadi Alaska kubadilisha kiti chenye kasoro katika gari la mteja aliyeishi mbali na wakala yeyote, kisha kisa hicho kikatengenezewa tangazo la televisheni. Mnamo Agosti 1993 magari zaidi ya 350,000 yaliitwa yarekebishwe waya ambao ungeweza kusababisha moto. Mawakala wengi waliwakaribisha wateja kwa nyama choma na vinywaji huku magari yao yakitengenezwa, na wengine wakayaosha kabla ya kuyarejesha.

Kampuni nyingine huichukulia siku ya kurekebisha kasoro kama siku ya aibu. Saturn iliifanya iwe siku ya kukutana na wateja. Si ajabu basi kwamba mwaka uliofuata maelfu waliitikia mwaliko wa Spring Hill. Mwaka huo huo wa 1994 ndio ulioleta mauzo makubwa zaidi katika historia ya chapa hiyo, takriban magari 286,000.

Wivu wa ndugu

Wakati wateja wakisherehekea, mambo hayakuwa shwari nyumbani. GM ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha. Mwaka 1992 ilitangaza hasara ya dola bilioni 23.5, sehemu kubwa ikitokana na kanuni mpya za uhasibu kuhusu gharama za matibabu ya wastaafu. Viwanda vilikuwa vikifungwa, na wakuu wa vitengo vingine wakauliza ni kwa nini mabilioni yamwagwe Tennessee ilhali Chevrolet na Oldsmobile zina kiu ya magari mapya.

Uchunguzi wa wateja ulionyesha kwamba wengi wa wanunuzi wa Saturn wangenunua gari lisilo la GM lau chapa hiyo isingekuwepo. Hoja hiyo haikuwatuliza ndugu wakubwa. Ndani ya UAW pia upepo uligeuka. Ephlin alikuwa amestaafu, na Stephen Yokich, aliyechukua usimamizi wa masuala ya GM na hatimaye kuwa rais wa chama mwaka 1995, hakuupenda mkataba wa Spring Hill. Aliuona kuwa mlango ambao ungeudhoofisha mkataba wa kitaifa.

Kwa hiyo mama na mjomba, kwa sababu tofauti, walikubaliana kumnyima mtoto chakula. Saturn iliomba gari la ukubwa wa wastani, kwa kuwa wateja wake wa 1991 walikuwa wameoa, wameolewa na kupata watoto, na SL ilikuwa imewabana. Haikupewa hadi 1999. Iliomba gari la kupanda milima wakati Wamarekani walipokuwa wakiyagombea. Haikupata hadi mwishoni mwa 2001. Kwa zaidi ya muongo mmoja iliendelea kuuza gari lile lile la msingi, lililobadilishwa sura mwaka 1996 lakini lenye injini ile ile na fremu ile ile, ilhali Honda Civic na Toyota Corolla ziliundwa upya mara kadhaa.

Kulikuwa na majaribio ya kuvutia. Mwishoni mwa 1996 mawakala wa Saturn huko California na Arizona ndio waliopewa jukumu la kuwakodishia wateja EV1, gari la umeme la GM. Mwaka 1997 Saturn zenye usukani wa upande wa kulia zilipelekwa kuuzwa Japani, nyumbani kwa mpinzani, lakini wanunuzi walikuwa wachache na mpango huo ukaachwa baada ya miaka michache.

Magari ya kuazima

Gari la ukubwa wa wastani lilipowasili, halikuwa Saturn kwa damu. Aina ya L ilitokana na Opel Vectra, gari la tawi la GM nchini Ujerumani, na liliundwa Wilmington, Delaware, badala ya Spring Hill. Wateja walilijaribu, wengi wakaliona zuri kiasi, lakini halikuwa na la kuwafanya waiache Camry au Accord. Liliondolewa sokoni baada ya miaka mitano hivi.

VUE, gari la juu lililoundwa Spring Hill, lilipata wanunuzi wengi. Wenye VUE za mwanzo waliisifu nafasi yake na paneli za plastiki, lakini waliopewa giaboksi la kisasa lisilo na hatua za gia walilia kwa gharama za kulitengeneza, hata GM ikalazimika kuongeza muda wa dhamana. Kuanzia magari ya mwaka 2004, VUE yenye nguvu zaidi ilifungwa injini ya V6 kutoka Honda, na hadi leo wenye magari hayo huitaja injini hiyo kuwa sifa kuu ya gari lao. Ni kinaya kwamba kampuni iliyozaliwa ili kumshinda Mjapani iliishia kununua moyo wake kutoka kwake.

Mnamo Desemba 2003 wafanyakazi wa Spring Hill walipiga kura ya kuuacha mkataba wao wa kipekee na kurudi chini ya mkataba wa kitaifa wa UAW. Kwa wengi wao lilikuwa suala la usalama wa kazi. Mauzo yalikuwa yamepungua, na ahadi za zamani hazikuwa na uzito tena. Machi 2007 Saturn ya mwisho iliundwa katika kiwanda hicho.

Swichi ya Ion

Mrithi wa SL aliitwa Ion. Liliingia sokoni mwishoni mwa 2002 na kupokewa kwa ubaridi. Wamiliki walilalamikia plastiki za bei rahisi ndani, na saa za mwendo zilizowekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva.

Kasoro iliyokuwa mbaya zaidi haikuonekana kwa macho. Swichi ya ufunguo katika Ion, kama ilivyokuwa katika Chevrolet Cobalt na magari mengine ya GM, ilikuwa legevu mno. Mtikisiko wa barabara au uzito wa funguo nyingi uliweza kuigeuza gari likiwa mwendoni. Injini ilizima, usukani ukawa mzito na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ikakosa nguvu za kufunguka.

Wahandisi wa GM walikuwa wameliona tatizo la swichi hiyo mwaka 2001, Ion ilipokuwa ikitayarishwa. Wenye magari waliripoti injini kuzima ghafla. Hata hivyo, ni mwaka 2014 tu, baada ya Saturn yenyewe kufutwa, ambapo GM iliyaita magari hayo, yapatayo milioni 2.6 kwa jumla. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124 katika aina zote zilizohusika. Mnamo 2015 GM ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza kesi ya jinai iliyoikabili kutoka kwa Serikali ya Marekani.

Mtu akilinganisha matukio hayo na yale ya 1991, atauona umbali uliokuwa umepigwa. Wakati ule Saturn ilibadilisha magari zaidi ya 1,800 kwa sababu ya maji ya radieta. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, mwenye Ion aliyelalamika kwamba gari limezima barabarani hakupata mtu wa kumsikiliza. Jina lilikuwa lile lile, lakini kampuni iliyolifanya jina hilo lithaminiwe haikuwepo tena.

Mlango uliofungwa

Yapo yaliyotia matumaini karibu na mwisho. Kati ya 2006 na 2008 GM ilileta magari mapya kwa mfululizo: Sky lisilo na paa gumu, Outlook la familia kubwa, Astra lililoagizwa kutoka Ubelgiji, na Aura, ambalo Januari 2007 lilitunukiwa taji la Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Waliyonunua magari hayo waliyasifu. Lakini hayakuwa tena na milango ya plastiki, na mengi yalikuwa na pacha wake katika chapa nyingine za GM. Mnunuzi alishindwa kueleza ni kipi hasa kilichobaki cha Saturn isipokuwa nembo na bei moja.

Kisha msukosuko wa fedha wa 2008 ukaikumba Marekani. Mnamo Desemba mwaka huo GM ilikwenda kuomba msaada katika Bunge la Congress, na katika mpango wake ikasema kwamba hatima ya Saturn ingetafakariwa. Juni 1, 2009, GM iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Siku chache baadaye zikaja habari njema: Roger Penske, bingwa wa zamani wa mbio za magari aliyegeuka mfanyabiashara mkubwa wa magari, alikuwa tayari kuinunua Saturn pamoja na mtandao wake wa mawakala wapatao 350.

Hesabu ya Penske ilikuwa rahisi. Kitu cha thamani katika Saturn hakikuwa kiwanda bali mawakala na wateja walioaminiana. Alichohitaji ni mtu wa kumuundia magari baada ya mkataba wa muda na GM kwisha. Mazungumzo yalifanywa na Renault ya Ufaransa, lakini bodi ya kampuni hiyo ikakataa. Septemba 30, 2009, siku ambayo wengi walitarajia mkataba utiwe sahihi, Penske alijiondoa. GM ikatangaza jioni hiyo kwamba Saturn itafungwa. Mawakala waliokuwa wamejiandaa kwa sherehe walibaki wakihesabu magari yaliyosalia katika yadi.

Yaliyobaki

Kiwanda cha Spring Hill hakikufa. Kililala kwa muda, kikaamshwa mwaka 2012 kuunda magari ya Chevrolet, na mwaka 2022 kikaanza kuunda Cadillac Lyriq, gari linalotumia umeme. Mji wenyewe umekua ukapita wakazi 50,000.

Saturn za kwanza bado huonekana katika barabara za Marekani, milango yake ikiwa bila kutu huku boneti na paa, vilivyokuwa vya chuma, vikionyesha umri. Vipuri vya injini hupatikana bila shida kubwa, lakini paneli za plastiki hutafutwa kwenye magari yaliyokwisha kufa. Wenye magari hayo hutoa wosia mmoja kwa mtu anayetaka kununua: pima oili kila unapojaza petroli.

Kuhusu swali la awali, historia ya Saturn yatoa jibu lisilopendeza. Mapenzi ya wateja yalikuwa ya kweli na yalijengwa kwa mambo mepesi: bei isiyofichwa, kosa lililokiriwa mapema, mfanyakazi aliyepewa nafasi ya kuikamilisha kazi yake. Mapenzi hayo yaliwafanya watu waisamehe injini yenye kelele. Hayangeweza kuwafanya wasubiri miaka minane gari la kuitosha familia. Mteja alirudi dukani mara ya pili akiwa na fedha mkononi, akapokewa kwa tabasamu lile lile, akaonyeshwa gari lile lile. Akashukuru kwa adabu, akaenda kununua Honda.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walinena wahenga. Saturn ililelewa vyema miaka mitano, ikaachwa ijitafutie kwa miaka iliyobaki, kisha ikalaumiwa kwa kudumaa.